Kifurushi cha Udongo wa Barafuni

Mwaka wa 1971 Bathsheba alikuwa na mume wa barua. Ratemo alikwenda Norwe kusoma miaka miwili, ikawa minne, ikawa sita. Sasa alikuwa ameajiriwa katika visiwa vya kaskazini kabisa, ambako barafu ya milimani ilikuwa ikirudi nyuma na kuacha ardhi tupu. Maji ya barafu yaliuzoa udongo ule hadi baharini, naye kazi yake ilikuwa kuupima.

Bathsheba alicheka kwa uchungu aliposoma hayo. Kwani mvua ya kwao Nyaramba haikuzoa udongo? Kila masika shamba lao la chai lilimeguka likateremka mtoni, na mpimaji hakuwapo. Alimtaka mume wake nyumbani, basi.

Alhamisi moja akaletewa kifurushi kutoka posta. Hakikuwa na barua, na mwandiko wa juu haukuwa wa Ratemo. Ndani mlikuwa na mfuko wa udongo wa kijivu, laini kama unga.

Baba mkwe wake, Mzee Obadiah, ambaye Bathsheba alimwita Tata, aliutazama, akavua kofia. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na maiti ikashindikana kuletwa, huletwa udongo wa kaburi lake.

"Bathsheba," alisema, "mwanangu amerudi."

Nani angembishia? Boma likajaa vilio. Jumapili wakachimba kaburi kando ya nyumba ya Ratemo, mchungaji akaomba, udongo ukazikwa.

Bathsheba alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha kila asubuhi akawa anatoka na kikombe chake cha uji, anaketi pale kaburini, anamsimulia Ratemo: mtoto wao Nyanchera, aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka, sasa anasoma darasa la kwanza, ng'ombe mwekundu amezaa, paa linavuja. Hakuwahi kumpata karibu hivyo tangu aondoke.

Wiki ya pili barua ikafika, kwa mwandiko wa Ratemo mwenyewe. "Nimemwomba mwenzangu akutumie udongo wa huku, uone ninachohangaika nacho. Kazi ni nyingi, mke wangu. Nimeongeza miaka mitatu."

Obadiah alipiga magoti akamshukuru Mungu. Bathsheba naye alishukuru, tena kwa moyo wote. Halafu mzee akashika jembe. Kaburi la mtu aliye hai ni mkosi, alisema, lifukuliwe sasa hivi, udongo ule utupwe mtoni.

Bathsheba akamshika mkono.

"Tata, ngoja kidogo. Sijamaliza kuongea naye."