Mwenyekiti, Unarudi Palepale?

Ulitazama pembeni. Usiniambie hukuwepo, nilikuona. Ulisimama karibu na baiskeli ya Daudi, umeinamia simu, siku tunapiga kura bomba jipya la maji lipite korongoni. Mkono wako haukupanda kukubali wala kukataa. Mwaka 2011 ulikuwa hivyohivyo, ila siku ile hukuwa na simu, ulikuwa unakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Bomba la kwanza likalazwa kwenye mchanga wa korongo kwa sababu mchanga unachimbika upesi. Januari maji yakashuka, yakaondoka na vipande arobaini na viwili. Kimoja hadi leo kinakinga maji ya bati kwa huyohuyo Daudi. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo ninayo.

Sasa sikiliza ulichokikosa Jumamosi hiyo, korongo liliposhinda kura, maana uliondoka mapema.

Elieth unamjua, binti wa mama Emiliana wa kule juu, fundi anayesakafia nyumba za watu mjini Makole. Mama yake ana miaka sabini na moja na bado anafukua maji mchangani kwa kata ya kibuyu. Bomba likizunguka mgongo wa kilima, linafika mlangoni kwake na halisombwi. Likipita korongoni, kule juu wanaambiwa wasubiri, na Januari tunasubiri wote. Elieth alikuja kwa jambo hilo moja. Mkononi alibeba mfuko wa mabaki ya vigae, kavikata vipande vidogo vya mraba, juu ya kila kimoja kachora bomba kwa rangi ya kucha: lililonyooka, kona, njia tatu. Akapiga magoti kwenye baraza ya shule, akachora kijiji chetu chote kwa chaki.

"Mbukwenyi," akatusalimu. Kisha akamgeukia Ludovick, mwenyekiti wa kamati ya maji, mdogo wa marehemu baba yake. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umetuletea sakafu?"

"Nimekuletea mchezo wa watu wawili. Ukinifunga, habari ya bomba sitaitaja tena. Nikikufunga, ule mstari wa korongoni uliochorwa ubaoni unaufuta kwa mkono wako, na tunakusanya saini za kaya kubadili njia."

Watu wakacheka. Ludovick hajafungwa kwenye mchezo wa bao tangu tukiwa vijana, na anatukumbusha kila Jumapili tukitoka kanisani. Angekataaje? Akavua koti, akaketi.

Mchezo wenyewe mwepesi. Kila mtu anaanzia tangini, anachomoa kigae kimoja mfukoni bila kuchungulia, anakiunga na vyake. Wa kwanza kufikisha maji vituo vitatu, cha chini, cha shule na cha juu, ameshinda. Ila mfukoni mmefichwa vigae viwili vya buluu. Hivyo ni mvua. Ikitoka, chochote kilicholala mchangani kinaondolewa.

Ludovick akashika korongo moja kwa moja. Tap, tap, tap. Elieth kashika mgongo wa kilima, anazunguka kama mwenye muda. Mwenyekiti akafika kituo cha chini. Akafika shule. Akaweka kona vibaya, akanyoosha mkono kuinyanyua.

"Hapa si kwenye bao, baba mdogo. Kikilala kimelala."

"Haya, haya. Kakufundisha nani roho ngumu?"

"Mafundi wenzangu. Saruji ikikauka hairudi."

Baraza zima tukawa tumewainamia. Obedi alipanda dirishani na miaka yake sitini. Mwenyekiti alibakiza kigae kimoja kufika juu, kimoja tu, cha aina yoyote. Akaingiza mkono mfukoni, akatuzungushia macho, akatabasamu, akachomoa.

Buluu.

Nakuambia kelele zile zilifika barabara ya Kongwa. Hilda, aliyekaa kando yangu, alinishika shingo mpaka nikakohoa. Elieth hakucheka. Akaondoa vigae vya korongo kimoja kimoja, taratibu, na kila alipokiondoa mimi nilihesabu kwa sauti. Vituo viwili vya mwenyekiti vikabaki vinaning'inia, havina tangi.

Elieth akachomoa, akaunga. Zamu ya mwenyekiti. Akapata kigae kilichonyooka, safi kabisa, akaupeleka mkono korongoni kukianzishia tena.

Obedi kule dirishani akasema kwa upole, "Mwenyekiti, unarudi palepale?"

Mkono ukasimama. Ludovick alikitazama kile kigae, akaitazama chaki, na mimi namjua tangu tukichunga, nikaona anaviona vile vipande arobaini na viwili vikielea. Akakiweka gotini, hakukilaza popote.

"Cheza wewe, mwanangu."

Elieth akachomoa njia tatu, akafika shule, akakishika na cha chini kwa tawi lililokuwa tayari. Akachomoa tena. Kona. Ikakaa mlangoni kwa mama Emiliana kama iliyopimwa, na mama mwenyewe, aliyekuwa nyuma kabisa, akapiga vigelegele ambavyo sikuwahi kuvisikia kutoka kwake hata siku ya harusi ya Elieth.

Ludovick akainuka, akaenda ubaoni, akaufuta mstari kwa mkono wa shati lake jeupe. Karatasi ilipoletwa akasaini wa kwanza.

Lakini kufuta ubao si kubadili njia. Zinatakiwa kaya mia moja na ishirini. Tunazo mia moja na moja, na lori la mabomba linashusha kesho asubuhi, pale karatasi itakapoonyesha. Isipotimia, linashusha korongoni. Mwenyekiti kafungwa mbele ya kijiji na kasaini. Wewe hujafungwa na yeyote. Zima hiyo simu. Karatasi iko kwa mama Emiliana, kalamu nimeifunga kwa uzi mezani. Nenda sasa hivi, na upite kwa jirani yako umbebe.