Lita Tano za Dizeli

"Gari la marehemu kaka yangu linakunywa kama ngamia," alisema baba mdogo. "Lisipofika mjini na kurudi kwa lita tano, kesho naliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Chakavu ni neno lake, nikasema moyoni. Ili gari liwe jepesi, niling'oa viti, keria, mazulia, hata spika nilizozipenda.

"Livue na chupi!" alinicheka.

Niliporudi kutoka mjini, injini ilikuwa bado inanguruma. Baba mdogo akaingiza kichwa dirishani. Mshale wa mafuta ulikuwa haujalala.

"Haya, umenishinda, mwanangu. Nipeleke sokoni."

"Panda, baba mdogo, ila utakaa chini. Kiti pekee kilichobaki ni cha dereva, na dereva ni mimi."