Debe Tisa za Nyapara Jamilu

Mwaka ule reli ilipokuwa ikisogea kutoka Malaba kwenda Tororo, kokoto zilivunjwa kwa nyundo na kupimwa kwa debe. Karani wa kupima alikuwa Omaido, na mkono wake ndio ulioandika hesabu iliyomuua kaka yake, Otai. Jambo hilo hakumsamehe mtu, hata nafsi yake.

Sheria ilikuwa ya Jamilu, nyapara wao. Kila Jumamosi debe za watu wake saba zilijumlishwa, zikagawanywa kwa saba, na yeyote aliye chini ya wastani alirudi Jumapili kuvunja mawe bila posho. Mmoja alivunja tano, mwingine sita, wanne saba saba, na Okiror wa Mella, jitu la mikono kama magogo, ishirini na nne. Jumla sitini na tatu. Wastani tisa. Sasa niambie, nani alivunja tisa? Hakuna! Watu sita walipelekwa Jumapili kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa.

Otai alikuwa miongoni mwa wale wa saba. Alikuwa na kikohozi, akaomba apumzike Jumapili moja tu.

“Si mimi nakupeleka,” Jamilu akamjibu. “Ni wastani.”

Jumapili ya tatu Otai alitapika damu juu ya debe lake, akafa kabla halijajaa. Omaido aliichukua nyundo ya kaka yake, akaificha chini ya kitanda, akarudi kazini na uso mkavu. Chuki yake aliilea kama mtoto, kwa uangalifu na bila haraka.

Haikumbidi kungoja sana. Jamilu, kwa kiburi cha tisa yake, alimshauri Bwana Injinia awapime manyapara nao. Wastani wa makundi yote matatu upigwe mwisho wa mwezi, na nyapara ambaye kundi lake litakuwa chini aweke fimbo yake ya unyapara chini, avunje mawe kila Jumapili. Alitaka kuwaaibisha wenzake, Ofwono na mzee Owor. Bwana akakubali. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jioni hiyo Omaido alimwendea Okiror na karatasi. Akaifunika ile ishirini na nne kwa kidole, akamwonyesha kwamba bila yeye wastani ni sita na nusu. Mwenye saba angelala nyumbani. Otai angelala nyumbani. Okiror, ambaye siku zote alidhani nguvu zake ni sifa ya kundi, alilia waziwazi. Kesho yake alimwomba Bwana ahamie kwa Ofwono, Bwana akaridhia, na mtu wa Ofwono akaja mahali pake.

Mwisho wa mwezi Omaido alisoma hesabu mbele ya Bwana. Kwa kila mtu, kundi la Ofwono kumi. Jamilu saba. Owor saba. Jumla ishirini na nne, wastani nane.

Jamilu akasogea mezani, sauti chini. “Karani, mimi naomba. Kamata ile ya katikati. Saba ndiyo iko katikati, saba ndiyo iko nyingi.”

Alikuwa sahihi kabisa. Omaido aliijua saba hiyo tangu siku ya kwanza, maana ndiyo ilikuwa katikati hata katika hesabu ya kina Otai, na alikuwa ameisubiri kutoka kinywa hicho hicho.

“Si mimi nakupeleka, nyapara,” akasema. “Ni wastani.”

Utamu wa maneno hayo ulimjaa mdomoni, mpaka alipoinua macho akamwona mzee Owor akiiweka fimbo yake chini bila kulalamika. Owor hakuwahi kumwita mtu kazini Jumapili. Wastani haukumuuliza.

Jumapili Omaido alifika na nyundo ya Otai, mpini wake bado una doa jeusi. Akamkabidhi Jamilu, akamwambia ilikuwa ya nani. Kisha akaketi chini kando ya mzee Owor, akamsaidia kuvunja mawe mpaka debe lake likajaa. La Jamilu alilipima tu.