Mkwe Aliyefungwa Nailoni

Usiku wa jana, tumbo likiwa bado zito kwa chakula cha jioni, niliota nimesimama mlangoni mwa supamaketi. Nje hakukuwa na mji. Kulikuwa na lami, mlango na kibao: BIDHAA ISIYOFUNGASHWA HAIUZWI.

Nilikisoma kibao kile nikaridhika sana. Mchana wake nilikuwa nimesema karibu maneno hayo hayo nyumbani kwangu. Mama mkwe wangu alishuka kutoka Bumbuli na kapu la ukindu. Mlikuwa na maharage yaliyomwagwa tu humo, magimbi yenye udongo wake, na mayai yaliyoviringishwa kwenye majani makavu ya mgomba. Nikamwambia mke wangu, Mwantumu, “Chakula hiki hakina jina wala tarehe. Hapa kwangu tunakula vitu vilivyofungwa.” Mama mkwe alikuwa uani na dirisha lilikuwa wazi.

Basi nikaingia supamaketi kama mtu aliyerudi kwao.

Ndani kuna baridi. Tango la kwanza ninalolikuta limebanwa na nailoni kama mtu aliyeazima suruali ya mdogo wake.

“Husikii baridi?” naliuliza.

“Sisikii chochote,” linajibu. “Ndiyo raha yake.”

Pembeni yake kuna machungwa manne yaliyomenywa. Yamepangwa kwenye kisahani cha plastiki na kufunikwa plastiki nyingine.

“Maganda yenu yako wapi?”

“Wameyatupa,” linasema la mwisho. “Walisema ganda halifai kufungia chungwa.”

“Halafu?”

“Halafu wakatufunga.”

Nikaona ni maelezo yaliyokamilika. Nikayatia kwenye toroli.

Meneja akaja. Alikuwa chupa ya maji ya nusu lita, amevaa tai.

“Bwana Shekalaghe, kifungashio chako kiko wapi?”

“Mimi ni mteja. Kibao kinasema bidhaa.”

“Tumekaa hapa muda mrefu,” alisema, “hatujaona tofauti.”

Nikakasirika. Nikamuuliza ana umri gani hata anihoji mimi, mtu mzima.

“Umri wa kunywewa ni dakika tano. Umri wa kukaa duniani, nitawazika wajukuu zako.”

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba. Nyoosha mikono.”

Alinifunga kila kidole peke yake, kwa sababu, alivyoeleza, vidole vina tabia ya kugusana. Kisha akanizungushia nailoni kuanzia miguuni hadi shingoni, akapuliza juu yake hewa ya moto ikanibana vizuri. Nikajitazama kwenye kioo cha friji. Nilikuwa nang’aa. Sikuwahi kuwa safi namna ile.

Nakata kona kutafuta biskuti, nakuta meza yangu ya kulia chakula. Mwantumu anapakua wali. Kila punje iko ndani ya kifuko chake, kimefungwa pande zote nne.

“Fungua ule,” anasema. “Si vitu vilivyofungwa ndivyo tunavyokula hapa?”

Nafungua kwa meno, maana vidole havishiki kitu. Punje ya kwanza. Punje ya pili. Kufika ya saba jua limezama na vifuko vitupu vimenifika kifuani. Mwantumu simwoni tena, namsikia tu upande wa pili wa lundo.

“Mke wangu, ondoa hizi takataka.”

“Ziende wapi?”

“Tupa nje.”

Nikasikia akifungua dirisha. Kisha akalifunga polepole, kama mtu aliyekosea mlango wa choo.

“Nje kumejaa,” alisema.

Lundo likateleza, nami nikateleza nalo, nikadondokea juu ya turubai katika soko la Mombo. Ni mchana kweupe. Nimelazwa kati ya fungu la viazi na fungu la nyanya chungu. Kifuani nimebandikwa karatasi ya nailoni yenye herufi za kijani. Wanawake wanapita, wananibonyeza kwa dole gumba kama parachichi, wanaendelea na safari zao. Meneja anapiga debe.

Akaja mama mkwe na kapu lake mkononi. Akasimama.

“Mchukue huyu, mama,” akasema Meneja. “Ana jina, ana kilo. Hajaguswa na mkono wa mtu.”

“Ndani kuna nini?”

“Hatujui. Ila amefungwa vizuri.”

Mama mkwe alinitazama kwa muda mrefu. “Na mwanangu alimchukua hivi hivi, bila kufungua?”

“Wengi ndivyo wanavyochukua.”

Nilitaka kuita “Mama.” Nailoni ilikuwa imepanda hadi usoni, nilipovuta pumzi ikaingia kinywani na kunata. Hewa ikaisha. Nilijua ninakufa. Nilijua pia kwamba anayenitazama ni yule yule niliyemdharau mbele ya binti yake, na kwamba akiamua kwenda zake kununua chumvi hakuna atakayemlaumu.

“Fungua kidogo nimnuse,” alisema.

“Hairuhusiwi kabla ya kununua.”

“Hata gimbi mtu hulinusa kwanza.”

Akaweka kapu chini. Akapiga magoti, taratibu kwa sababu ya mgongo, akainama, akaning’ata nailoni pale kifuani kwa meno yake machache yaliyobaki. Akavuta. Ikapasuka. Hewa ikaingia ikinuka udongo na moshi wa kuni, nami nikaivuta kama mtoto anayezaliwa.

“Kumbe ni yeye,” mama mkwe alimwambia Meneja, bila furaha yoyote.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mwantumu alikwisha kwenda kazini. Nikaoga haraka, nikatoka uani kumsalimia mgeni na, kama ningepata ujasiri, kumwomba radhi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Umelala salama?”

“Salama.”

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachokonoa meno kwa kijiti. Hakuonekana na haraka ya maneno yangu.

“Nimeamka na kitu kwenye meno,” alisema. “Tangu alfajiri nahangaika nacho.”

Akakichomoa. Kilikuwa kipande cha nailoni, kidogo kama ukucha, na kina maandishi ya kijani. Akanipa kiganjani.

“Nisomee. Macho yangu hayaoni herufi ndogo.”

Niligeukia mwangaza. Kiliandikwa SHEKALAGHE, KILO 78.

“Haisomeki, mama,” nikasema.

“Aa.” Akatema mate pembeni, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. “Na ladha hakina.”