Mkono Chini ya Shali

Katika soko la mifugo la Garissa bei haitajwi kwa mdomo. Masikio ni mengi pale, na neno likishatoka halirudi. Dalali humshika mnunuzi mkono chini ya shali, vidole vikabana vidole, kidole hiki elfu, kile mia, na wanaotazama kando hawaambulii kitu ila nyuso mbili kavu zinazoangalia kwingine kabisa. Kwa kazi hiyo Kadar hakuwa na mwenzake. Wenye mifugo kutoka Habaswein na Griftu wakishuka kwenye lori walimuulizia yeye kabla ya kuulizia maji ya kunywa.

Basi fikiria aibu iliyompata Jumatano moja mwaka wa 1996, alipopitiwa na usingizi mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa mnunuzi.

Mnunuzi mwenyewe, Isacko, Mborana mpole asiyependa makuu, aliona vidole vimelegea akadhani bei imekubaliwa. Kisha akasikia mkoromo. Kadar alikuwa amesimama wima, kidevu kifuani, anakoroma mchana kweupe katikati ya ng'ombe wa watu! Soko zima lilicheka likashika mbavu. Na Wasomali hawasamehe kitu kama hicho. Mwenye mguu mfupi ataitwa Mguu Mfupi mpaka kaburini, na wajukuu zake wataitwa wajukuu wa Mguu Mfupi hata kama wanakimbia kuliko swala. Duale, binamu yake Kadar na dalali mwenzake, ndiye aliyewahi kumpa jina.

"Kadar Hurdo!" akapaza sauti. Hurdo ni usingizi. Kabla ya adhuhuri jina lilikuwa limeshavuka daraja la Tana.

Muslimo, mke wa Kadar, alilisikia jina kabla hajamwona mwenyewe. Yeye aliuza maziwa ya ngamia mlango kwa mlango, na wateja hawakuacha kumtania: mama, Hurdo ameamka? Alicheka nao, kwa sababu biashara ni biashara, lakini moyoni aliungua. Alikuwa na watoto wanne. Aliwaona tayari wakiitwa wana wa Usingizi, na binti yake mkubwa, Lul, akiposwa kwa mzaha.

Kwa kweli hakuna aliyeujua usingizi wa Kadar kuliko yeye. Kila siku baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limewafungia watu wote ndani, Kadar alijinyoosha mkekani barazani, na kabla hajafunga macho vizuri akaanza kunguruma kama lori lililonasa mchangani. Mkoromo haukumsumbua Muslimo. Kilichomtisha ni pale ulipokatika. Kifua kilihangaika kupanda na kushuka, tumbo likivuta, lakini pumzi haikupita. Alikuwa akianza kumsomea Alhamdu, na mara nyingine alifika katikati ya sura bado hajasikia kitu. Halafu Kadar angeshtuka, akakohoa kama mtu aliyeponyoka kwenye kitanzi, akageuka na kuendelea kulala. Akiamka alilalamikia kichwa, akawa mkali kwa watoto, na jioni akasinzia mbele ya chai yake.

Watu walisema ni miraa. Wengine walisema ni jicho la hasidi. Muslimo mwenyewe, Mungu amsamehe, alimwambia siku moja kwamba ni uvivu.

Kilichowapeleka kwa daktari ni jino. Gego lilimuuma Kadar mpaka shavu likafura, na Duale, ambaye pamoja na ulimi wake mrefu hakuwa na roho mbaya, aliwasindikiza hadi kwa Daktari Mwakio, Mtaita aliyekuwa na chumba cha kung'olea meno nyuma ya duka la nguo. Daktari alimkalisha Kadar kwenye kiti, akamdunga sindano ya ganzi, akageuka kutayarisha vyombo vyake. Aliporudi alimkuta mgonjwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Hebu niambie, nani hulala kwenye kiti cha daktari wa meno? Mwakio alisimama na koleo mkononi akimtazama. Alisikia mkoromo, kisha kimya, kisha kule kukohoa kwa kushtuka. Alimwamsha, akang'oa jino, akamwekea pamba aing'ate, halafu akaanza kumkagua kama mnunuzi anayekagua dume. Alikuta meno yamesagika kama ya mzee wa miaka themanini. Ulimi ulikuwa mpana, umejaa mdomo mpaka kooni, na kando yake pana alama za meno. Akapapasa chini ya zile ndevu nzuri za hina, akakuta kidevu kidogo kilichorudi nyuma. Shingo nayo ilikuwa nene.

Kadar alikuwa na pamba mdomoni, hawezi kujibu. Kwa hiyo daktari alimgeukia Muslimo, na kwa kuwa Kiswahili cha mama huyo kilikuwa cha kuuzia maziwa tu, akamwomba Duale atafsiri.

"Muulize mama, mzee akilala, pumzi hukatika? Hushtuka kama anayekabwa? Mimi siwezi kujua, naye mwenyewe hawezi kujua. Anayejua ni anayelala karibu naye. Kama ni hivyo, kuna ugonjwa. Koo hujifunga usingizini, damu ikakosa hewa, moyo ukachoka. Nitamwandikia barua kwa daktari wa Nairobi apimwe, halafu naweza kumtengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa mdomoni usiku, kinachovuta taya la chini mbele, njia ya hewa ikabaki wazi."

Duale alitafsiri yote, na alitafsiri vizuri. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. Muslimo aliyajua macho hayo. Aliona Hurdo likizaa jina la pili hapo hapo, baya kuliko la kwanza, likifika sokoni kabla ya sala ya alasiri: Kadar anayekufa kila akilala, kwa ushahidi wa mke wake. Na zaidi ya hayo, mwanamke gani hutoa habari za kitanda cha mumewe mbele ya wanaume wawili? Mke ni sitara. Hivyo ndivyo alivyofunzwa.

"Mwambie analala kama mtoto mchanga," akasema.

Daktari alimgeukia yeye mwenyewe. "Mama, mficha uchi hazai."

Duale alikohoa, akaangalia dari. Methali ile ilikuwa na neno ambalo hakuweza kulitamka mbele ya mke wa binamu yake, kwa hiyo hakuitafsiri.

"Basi," akasema Mwakio, "ukikumbuka lolote, njoo. Hata peke yako."

Jambo linalouma ni kwamba mlango huo Muslimo alipita mbele yake kila asubuhi. Njia yake ya maziwa ilipitia pale pale. Daktari alikuwa akifagia kizingiti chake, akamsalimia na kuuliza: "Mama, mzee analala?"

"Fizuri, daktari," akajibu Muslimo, akapita na mitungi yake.

Si kwamba alisahau. Alisema moyoni: kesho nitaingia. Lakini jino lilikuwa limeng'oka, Kadar alikuwa na furaha, sokoni alikuwa amejifunza kutafuna miraa na kutembea-tembea ili asisinzie, na jina lilianza kupoa. Nani afukue jivu lililozimika? Kesho ikawa juma, juma likawa miezi.

Mwaka uliofuata, kabla ya ile mvua kubwa iliyokata barabara zote, Kadar alilala barazani kama kawaida yake. Adhana ya alasiri ilipolia hakuamka. Muslimo alimhurumia, akasema amechoka, mwache kidogo, akaenda kutawadha. Aliporudi alimkuta macho wazi, mdomo umeenda upande, na mkono wa kulia umelala mkekani kama kamba iliyolowa. Ulikuwa mkono wa kazi, wa kubania bei.

Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba presha yake ilikuwa juu, huenda kwa miaka. Waliporuhusiwa kwenda nyumbani, Muslimo hakwenda nyumbani. Alimwambia Duale ageuze mkokoteni uliombeba mumewe, wakaenda nyuma ya duka la nguo. Safari hii hakumwachia mtu amtafsirie.

"Daktari, mimi nasema wongo ile siku," akasema, mbele ya Duale, mbele ya wateja wa duka, mbele ya yeyote mwenye masikio. "Bumzi yake nakatika. Mimi nasoma Alhamdu, nafika nusu, yeye bado. Siku mingi. Miaka mingi. Mimi naona haya."

Duale aliinamisha kichwa. Mwakio hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alimwandikia Kadar barua ya Nairobi, ambako walimpima na kuthibitisha ugonjwa ule. Kisha akachukua vipimo vya meno yake kwa ule unga unaoganda, akatengeneza kifaa kwa plastiki ya meno ya bandia, akawa analivuta taya mbele kidogo kidogo kila Kadar aliporudi.

"Mkono usiniulize, mama," alimwambia Muslimo. "Hiki kinalinda pumzi tu."

"Kama nalisema ile siku?"

"Siwezi kusema angepona. Siwezi kusema asingepona."

Muslimo aliondoka na jibu hilo, na analo mpaka leo.

Kifaa kilifanya kazi. Alasiri moja Kadar alilala barazani, naye akakaa karibu na kumsomea Alhamdu kwa mazoea. Alifika Amina bila kukatizwa. Pumzi ilikuwa ikienda na kurudi, taratibu, haina kelele. Akaisoma tena, akafika tena. Hapo ndipo alipolia, maana utulivu huo wote ungeweza kupatikana kwa neno moja, na neno alikuwa nalo mdomoni.

Kadar alifungua macho, akatoa kifaa kwa mkono wa kushoto. "Unalia nini?"

"Nilimdanganya daktari."

"Najua. Pamba ilikuwa mdomoni, Muslimo, si masikioni." Maneno yake yalitoka kwa kuburuta, lakini yalitoka. "Mimi mwenyewe nilikuwa naamka nimekabwa, nikanyamaza. Uliposema nalala kama mtoto, nilisema moyoni, wallahi, nimeoa mwanamke hasa."

Muslimo hakuweza kumtazama.

"Ungesema kweli mbele ya Duale," akaendelea, "ningekuacha siku ile ile."

"Ungeniacha," akasema Muslimo. "Na mkono ungekuwa mzima."

Sokoni hakuna aliyemwita Hurdo tena. Jina lilikufa lenyewe, kwa sababu mwenye jina hakuwapo. Kadar alivuta shali yake kwa mkono wa kushoto, akaitupa juu ya ule wa kulia.

"Shika," akasema. "Nikutajie bei."

Muslimo aliingiza mkono chini ya shali, akaushika mkono wa mumewe. Ulikuwa na joto. Waliangalia kwingine wote wawili, kama wafanyavyo dalali na mnunuzi, naye akangoja kidole kimoja kimbane.

Aliendelea kungoja mpaka adhana ya magharibi ikaanza.