Asilimia Kumi ya Mwantumu

1.

Fungua simu yako, wewe unayesoma. Ingia kwenye programu yoyote unayoipenda. Rangi iliyojaa kioo, ambayo hata huioni kwa kuizoea, hiyo ni sitini katika mia. Inayoifuata, ya vichwa na visanduku, ni thelathini. Iliyobaki ni kumi. Kumi ndiyo kitufe kinachokuita ubonyeze, na kidole chako kinatii bila kuuliza.

Mwantumu Shekalage aliyajua haya kabla hajawahi kushika simu.

2.

Bibi yake, soko la Korogwe, anatandaza kanga mezani:

"Huu mji. Mkubwa, uko katikati, umetulia. Hili pindo, linauzunguka mji. Na hili jina, dogo, ndilo linalosema. Ukikuta jina limetaka kuushinda mji, mjukuu wangu, hiyo usiinunue. Inapiga kelele tu."

3.

(Mahojiano ya jarida. Pichani bwana amekunja mikono, anaangalia mbali.)

"Kanuni ya sitini, thelathini na kumi sikuipata chuoni. Nilifundishwa na marehemu bibi yangu, muuza kanga."
Lazaro Mbwambo, Mkurugenzi wa Ubunifu

4.

Bibi

yake.

Kazi ukiibiwa unasonya, unafanya nyingine. Mwantumu alishaibiwa kazi na bosi huyu mpaka akazoea. Alikuwa anachora yeye, anasimama jukwaani Lazaro. Lakini mtu kukuibia bibi, uliyemsimulia habari zake mwenyewe? Tena bibi aliyelala kaburini, hawezi hata kukana? Siku aliyosoma jarida lile aliimwaga chai yake. Alimchukia Lazaro kwa moyo wake wote, akaosha kikombe, akarudi kwenye kompyuta.

5.

Jikoni mwa ofisi:

— Mbona siku hizi Mwantumu anacheka na bosi?
— Ameamua yaishe.
— Mwantumu huyu huyu?
— Kachoka, dada. Mtu anachoka.
— Mh.

6.

Jambo ambalo ofisi nzima hailijui, na sasa wewe unalijua: Lazaro haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Kwake zote mbili ni rangi moja, ya udongo. Si kosa lake, kazaliwa hivyo. Mwantumu aliligundua mwanzoni kabisa, bosi alipoiangalia kazi yake na kusema, "Nyekundu hii imetulia." Ilikuwa kijani.

Akamsitiri. Tangu hapo kila kijani alikitia giza kidogo kuliko nyekundu, akakiweka upande wa kulia, akachora ndani yake alama nyeupe ya vema. Bosi akawa hakosei. Wala hakuuliza kwa nini hakosei. Labda alidhani Mungu anampenda.

7.

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE

Mnajulishwa kuwa uzinduzi wa programu ya ZAMU, itakayomwezesha mgonjwa kushika nafasi yake ya kliniki kwa simu, utafanyika ukumbi mkubwa. Mkurugenzi wa Ubunifu atathibitisha nafasi ya majaribio jukwaani, mbele ya mgeni rasmi. Wafanyakazi wengine watakaa safu ya nyuma. Mavazi yawe nadhifu. Kuchelewa hakutavumiliwa.

8.

"Mwantumu, mdogo wangu, haya maneno kwenye vitufe yanachafua kioo. Toa."

"Nitoe, bosi?"

"Na hivyo vialama. Rangi iongee yenyewe. Wenzetu huko nje ndivyo wanavyofanya."

"Ukubwa je?"

"Vilingane. Sitaki kimoja kimzidi mwenzake."

"Na upande? Kijani kibaki kulia?"

"Weka popote. Rangi inatosha."

"Sawa, bosi. Nimekuelewa."

Hakuwahi kumwelewa vizuri kama siku hiyo.

9.

Mimi ni kumi. Nimekatwa vipande viwili, tano na tano. Kijani: nakuja. Nyekundu: naghairi. Mwanamke mmoja ametupima giza letu mpaka tukawa sawa, kisha akatubadilishia upande. Sitini ni nyeupe, imenyamaza. Thelathini ni bluu, imenyamaza. Sisi tunasubiri kidole.

10.

Usimdhanie vibaya. Alijua kuna wagonjwa wengi wenye macho kama ya Lazaro, na hao hawakumkosea kitu. Toleo lao, lenye maneno na alama, lilikuwa tayari kwenda kwao kesho yake. Hili la jukwaani lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu.

11.

Ukumbini Lazaro alianza na bibi, kama kawaida yake. Safari hii akamwongezea bibi kikohozi na mkeka. Watu wakaguna kwa huruma. Safu ya nyuma, Mwantumu alikaza meno.

Mshereheshaji akasema, "Haya mkurugenzi, gusa kijani, tupate nafasi."

Kidole kikanyanyuka.

Kikasimama.

                    kulia

kushoto

                    kulia

Lazaro akaangalia safu ya nyuma. Mwantumu akamtazama machoni. Alisikia raha mpaka kwenye nyayo.

Lazaro akagusa kulia.

NAFASI YAKO IMEGHAIRIWA

Mtu mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima.

12.

Ungekuwa wewe ungeshuka jukwaani. Lazaro alisogea kwenye maiki.

"Ndugu zangu, mnacheka. Mimi rangi hizi mbili sizioni. Nimezaliwa hivi, na leo nasema hadharani kwa mara ya kwanza. Nilitaka mshuhudie wenyewe mgonjwa kama mimi anavyoachwa nje na mbunifu asiyejali."

Kicheko kikafa.

Makofi yakaanza mbele, yakaja mpaka nyuma. Watu wakasimama. Mgeni rasmi akampa mkono, akaona hautoshi, akamkumbatia.

— Huyu ndiye mtu.
— Yaani mimi nimelia, shoga.
— Tena kalelewa na bibi, fikiria.

13.

Hata kisasi

kaki

chukua.

Mwantumu peke yake alikuwa amekaa. Mambo yote aliyoyapanga, giza lililopimwa, upande uliobadilishwa, yalikuwa sasa sehemu ya hotuba ya Lazaro, na yalimpendeza. Kesho yatakuwa jaridani. Alitamani kupiga kelele, lakini angeonekana mwanamke mwenye wivu anayemzomea mlemavu, na hilo Lazaro angelitumia pia.

14.

"Muda umetubana," mshereheshaji akasema. "Swali moja tu kutoka ukumbini."

Mkono wa safu ya nyuma ulikuwa umeshanyooka. Lazaro akauona, akatabasamu, akaashiria apewe yeye. Alimjua Mwantumu kuwa mtu wa "sawa, bosi".

Maiki ikapita mkono kwa mkono.

"Mgeni rasmi, shikamoo. Wote, habari za asubuhi. Swali langu ni dogo, ni kwa mkurugenzi." Sauti yake haikutetemeka, na yeye mwenyewe alishangaa. "Huyu bibi aliyekufundisha kanga. Alikuwa anaitwa nani? Na meza yake ilikuwa soko gani?"

Waliokuwa bado wamesimama wakakaa. Kiti kikalia.

"Bibi?" Lazaro akauliza.

"Ndiyo, bosi. Ututajie jina lake tu, tumuombee."

Wazee wa safu ya mbele walishakinga mikono kwa dua. Mgeni rasmi naye akakinga, akamgeukia Lazaro, akangoja jina.

Lazaro akasogeza maiki mdomoni na kulitafuta jina ambalo hakuwahi kumuuliza Mwantumu.