Vipimo vya Shati la Mchezo

Jumatatu saa tisa alasiri, mjane mwenye cherehani alimpima Spoku, fundi baiskeli, kwa ajili ya shati la mchezo wa kuigiza. Bega inchi kumi na nane, kifua thelathini na nne, mikono ishirini na sita, yote miwili sawa. Aliandika kwenye daftari lake, akatoa pini mdomoni, akamwambia ashushe mikono.

Walikuwa hawajasemezana miaka saba. Katika zile siku tatu za mauaji, Spoku ndiye aliyekuja kugonga mlango akasema, "Kaka, unaitwa mkutanoni mara moja." Mume wa mjane akavaa ndala akatoka, chai ameiacha mezani. Wanaume kumi na mmoja waliitwa hivyo, na hakuna aliyerudi wala aliyejulikana kaburi lake. Chini kabisa ya sanduku lake mjane alikuwa na kitambaa cheupe cha sanda, kimekwisha katwa kwa urefu wa mumewe. Kila mwaka alikianika na kubadilisha dawa ya nondo. Hakutaka fidia wala kuombwa radhi. Alitaka kumzika.

Mchezo ulikuwa wa mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyechoka kuona watu wakipishana njiani kama hawajuani. Alikuwa na sharti moja tu: aliyekwenda kumwita mtu siku zile, ndiye atakayemwigiza huyo aliyeitwa. Kwa hiyo Spoku alipewa kumwigiza mume wa mjane.

"Marehemu alikuwa gunia, na wewe ni waya," muuza mkate alimwambia mbele ya watu. "Utaigiza nini, kivuli chake?"

Jumatatu ya pili shati lilimbana. Mjane, ambaye hakuwa na desturi ya kukosea, alilipima shati kwanza, akaliona liko sawa. Kisha akampima Spoku ndani ya shati. Kifua thelathini na nane.

"Unakula nini siku hizi?"

"Wasiwasi."

"Basi unanenepesha."

Alikuwa ameacha kitambaa cha ziada kwenye mishono, akalipanua. Spoku alipolivua alirudi kuwa mwembamba kama kawaida, akapanda baiskeli akaenda zake.

Jumatatu ya tatu, kifua kilifika arobaini na mbili. Mkono wa kulia ulikuwa ishirini na nne, wa kushoto ishirini na mbili na nusu. Mjane hakuandika. Vipimo hivyo alivijua kama sala ya asubuhi. Mumewe aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa akigongomea bati, na mfupa wa kushoto ukaunga vibaya.

"Shemeji," alisema Spoku, kama alivyomwita zamani.

"Niite fundi."

"Fundi, huu mkono unauma kukiwa na mawingu."

"Ndivyo ulivyomuuma na yeye. Ukande kwa maji ya moto." Alikunja futi yake. "Mlimpeleka wapi?"

"Mimi niliishia kona ya posta. Pale wakampokea wengine, nikageuka. Mungu ananiona."

"Anakuona, ndiyo. Mimi nakuuliza wewe."

"Sikutaka kujua, fundi. Ndiyo kweli yangu yote."

Mjane alimpeleka kwa mwalimu, akamwonyesha mkono. Mwalimu aliushika, akaukunja, akaukunjua.

"Mshonee alivyo," alisema. "Onyesho ni Jumamosi."

Mjane aliwaza kwamba shati lililoujua mkono huenda likaijua na njia. Alirudi nyumbani, akalifumua lote, akalishona upya kwa vipimo vya mumewe bila kumpima mtu. Alipokata uzi wa mwisho aliomba dua fupi, kama alivyofanya kwa kila nguo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa mji alikaa kiti cha mbele; ndiye aliyekuwa mwenyekiti hata siku zile. Jukwaani mlango uligongwa. Spoku, mfupi na mnene, alivaa ndala, akaacha kikombe mezani. Kwa mujibu wa mazoezi angeingia nyuma ya pazia. Yeye alishuka ngazi, akapita katikati ya viti, akatoka nje. Watu wakanyanyuka wakamfuata, wengine wamebeba watoto.

Kona ya posta hakugeuka. Alipita tangi la maji akaingia kwenye mashine ya kusaga, mali ya mwenyekiti. Fundi mashine alizima mota. Ndani ya stoo, Spoku alivua ndala, akalala chali juu ya sakafu, karibu na ukuta.

"Ni hapa," alisema kwa sauti ya mume wa mjane. "Tuko kumi na mmoja. Mimi ni wa pili. Saruji waliimwaga Alhamisi."

Mjane alipiga magoti karibu naye.

"Ile chai uliifanyaje?" aliuliza yule aliyelala.

"Niliiacha mpaka kesho yake. Kisha nikaimwaga."

"Vizuri. Ilikuwa na sukari nyingi."

Akafumba macho. Alipofumbua alikuwa Spoku, amemezwa na shati, na analia bila sauti.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mwenyekiti. "Mna vipaji," alisema. "Kweli kabisa, mna vipaji."

"Mwenyekiti, naomba sakafu hii ivunjwe," alisema mjane.

"Mama, huu ni mchezo. Hatuwezi kuvunja sakafu kwa sababu ya mchezo. Lakini andika barua."

Mjane aliandika barua. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, na mhuri: sakafu ilikuwa imekaguliwa, ni imara, haihitaji matengenezo.

Mwenyekiti alipanga magunia juu ya mahali pale. Watu waliendelea kusaga, maana mashine ilikuwa hiyo moja, ila foleni yao ilianza kupinda. Ilifika kwenye yale magunia ikazunguka, hata siku za haraka, na hakuna aliyewaambia. Mjane alipofika hapo aliweka beseni chini, akaomba dua, akaliinua tena.

Spoku alirudisha shati limefuliwa na kupigwa pasi. Mwili wake ulikuwa umerudi wote, isipokuwa mkono wa kushoto. Siku chache baadaye alikuja na mashati yake mwenyewe manne. Mikono ya kushoto ilikuwa inamfunika vidole na kuingia kwenye mnyororo wa baiskeli.

"Shemeji," alisema, "nipunguzie huu mmoja."

Safari hii hakumrekebisha. Wala hakushika futi. Alikata mashati yote manne kwenye ishirini na mbili na nusu, akayakunja pindo, akamkabidhi.

Spoku alipoondoka, mjane alifungua sanduku, akakitoa kile kitambaa cheupe akakianika kidogo kwenye jua la dirishani. Kisha akabadilisha dawa ya nondo, akakirudisha chini kabisa.